Jini Niliyemsubiri Khuwair

Nilipokuwa mtoto nilijua nitakufa vipi. Aliyenijulisha ni bibi yangu, mama yake mama, na hakukusudia ubaya. Alikuwa mwanamke mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu habari yenyewe haitamsaidia sana.

Kijijini kwetu, juu kwenye milima ya Mbinga, sote tulikuwa Wakatoliki isipokuwa mtu mmoja, mzee Mwislamu mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa. Bibi alinunua kwake miaka yote. Alipokuwa akijitwisha mzigo, mimi nilipakatwa na yule mzee, na hakuna aliyeona ajabu. Lakini tukikaa kuchambua maharage, bibi alianza.

"Waislamu wa pwani wanafuga majini," alisema, kwa sauti ile ile ya kusema mvua itachelewa. "Na jini ugali halili. Mtoto wa watu analishwa tende mpaka anone. Anafukizwa moshi mpaka anasahau jina lake la ubatizo. Akishasahau, anashushwa shimoni."

"Na huyu wa dukani je?"

"Huyu ni wa hapa hapa," alisema bibi, akaendelea na maharage.

Bibi hakuwahi kuiona pwani. Hakuwahi kuona jini, wala shimo, wala mtoto aliyepotea. Alisimuliwa na mtu aliyesimuliwa. Lakini maneno yakisemwa na mtu anayekufunika blanketi kila jioni, huyatafutii shahidi.

Baba alipofariki, ndugu zake walichukua nyumba na shamba, na sisi tukarudi kwa bibi na sanduku moja. Mama akaenda Dar es Salaam kupika kwenye nyumba za watu. Huko ndiko alikopata kazi ya Muscat, kwa ndugu wa wale aliokuwa akiwapikia, akakubali kwa sharti moja tu, kwamba niende naye. Nilikuwa na miaka minane. Siku ya kuondoka bibi alinivuta pembeni.

"Ukiona mama yako ameanza kusahau," alininong'oneza, "usimwambie kitu. Atakupeleka mwenyewe."

Hiyo ndiyo zawadi niliyosafiri nayo.

Tulishuka Muscat kwenye joto ambalo nilidhani linatoka kwenye ndege, nikawa nasubiri ndege iondoke lipungue. Ilikuwa miaka ya tisini, mwanzoni. Nyumba ilikuwa Khuwair ya Kusini, nyeupe, na ukuta wake na ua mkubwa nyuma. Mwenye nyumba alikuwa Bi Zuwena, mwalimu wa shule, na mumewe ambaye mimi nilimwita Baba Raya kwa sababu ya binti yao, Raya, aliyenipita mwaka mmoja au miwili. Na alikuwepo Bibi Shinuna, mama yake Baba Raya, aliyezaliwa Unguja na kuolewa Unguja na kuja Muscat mtu mzima. Wote walisema Kiswahili, ila chao kilikuwa na kh na gh kooni, na katikati ya sentensi walihamia Kiarabu kama mtu anayebadilisha bega la mzigo.

Siku ya kwanza Bibi Shinuna alinishika mkono, akauzungusha kama anayenunua kuku, akaniwekea sahani ya tende mbele.

"Kula, mwanangu. Wewe huna hata nyama ya kumpa paka."

Hebu fikiria mtoto mwenye habari zangu anaambiwa hivyo.

Na moshi nao ulikuwepo. Kila alasiri Bi Zuwena alitia udi kwenye chetezo, akapita nao chumba hadi chumba, akaupitisha chini ya nguo za Raya, kisha chini ya zangu. Ulinukia vizuri, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akimaliza nilikimbilia bafuni, nikafunga mlango, nikajiuliza na kujijibu: Leokadia Ndunguru, mtoto wa Skolastika. Likija jina lote, nilishukuru Mungu. Siku moja lilichelewa kidogo kwa sababu nilikuwa na mafua, nikalia mpaka Raya akagonga kuuliza kama nimeanguka.

Kumbe aliyekuwa anasahau ni mama. Niliona dalili moja moja. Alianza kusema inshallah. Alikunywa kahawa chungu kwenye vikombe visivyo na mkono na kucheka na Bi Zuwena juu ya samaki walioungua. Halafu, kubwa kuliko yote, alinipeleka misa siku ya Ijumaa. Mimi nilijua misa ni Jumapili. Sasa naelewa kwamba Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko na kila mtu husali siku anayopata ruhusa. Baba Raya mwenyewe alitushusha kanisani Ruwi, mtaa mwingine wa Muscat, kwa gari lake kabla hajaenda kwake msikitini. Lakini kichwa changu cha miaka minane kilisema: wamemsahaulisha hata siku za wiki.

Kwa hiyo sikumwambia mama kitu. Nikafanya hesabu yangu mwenyewe. Sitanona.

Ilikuwa rahisi kuliko unavyodhani. Nyumba yenye chakula kingi haimwangalii mtoto anayekula. Nilishika tonge, nikalizungusha, nikasema nimeshiba, na sahani yangu nikaipeleka uani. Karibu na Idi Kubwa Baba Raya alileta mbuzi wawili na kuwafunga uani, na hao ndio waliokula wali wangu, mikate yangu na tende zangu. Kila wiki wao walinona na mimi nilipungua. Magoti yakawa makubwa kuliko mapaja. Nikisimama ghafla, ukuta ulizunguka.

Mama aliona, akadhani ni kumkumbuka bibi. Bi Zuwena alinipeleka kwa daktari, akanipa dawa ya minyoo. Bibi Shinuna hakuhitaji daktari.

"Jicho hilo," alisema. "Mtoto alikuja na macho makubwa mazuri, mtu kayatazama. Nleteeni chumvi na pilipili kavu."

Watu wa Unguja ndivyo wanavyomtoa mtu jicho. Alichukua chumvi ya mawe na pilipili saba kwenye kiganja, akanizungushia kichwani mara saba huku akisoma, akanipitisha mabegani, tumboni, mpaka miguuni, kisha akavitupa kwenye makaa. Alifanya kwa huruma. Alinipangusa uso alipomaliza. Mimi nilichoelewa ni kimoja: nimeshatiwa chumvi na pilipili.

Nikaacha hata kipande cha mkate nilichokuwa nikila kwa siri njaa ikinishinda.

Siku tatu kabla ya sikukuu mambo yakaja pamoja. Asubuhi Bi Zuwena alinisimamisha sebuleni na futi ya fundi, akanipima mabega, kiuno, na kuanzia shingoni mpaka chini ya magoti, akamsomea Raya namba aziandike. Nilijisimamisha wima kabisa, nikidhani nikiwa mrefu sitaenea shimoni. Mchana Baba Raya na nduguye waliondoa vyungu vya maua kule nyuma ya ua, wakavuta zulia kuukuu, na chini yake palikuwa na mfuniko wa chuma. Wakaunyanyua.

Lilikuwa shimo.

Nilisubiri wakaenda kuswali, nikachungulia. Kuta zilikuwa za mawe, nyeusi kwa moshi. Chini palikuwa na majivu ya zamani, na kwenye majivu palikuwa na mifupa midogo. Nimezaa watoto wawili na kuzika mume, na hofu kama ile sijaiona tena.

Anayejua Oman ameshanicheka. Wenzangu wa Mbinga ambao hamjui, hiyo ni shuwa. Nyama ya Idi inapakwa bizari, kitunguu thomu, siki na pilipili, inafungwa kwenye majani ya mgomba na vifuko vya ukili wa mtende, inashushwa kwenye shimo lililowashwa moto mpaka mawe yamekuwa mekundu, linafunikwa chuma na udongo, na haliguswi mpaka kesho yake au kesho kutwa. Kwa kawaida watu hurudi kwenye vijiji vyao kuifanya. Baba Raya alichimba lake uani kwa sababu Bibi Shinuna hakuweza tena safari ya gari. Mifupa ilikuwa ya mwaka uliopita.

Siku ya Idi niliogeshwa, nikapakwa mafuta, nikavalishwa gauni jipya la kijani lililonibana mahali pasipo na kitu cha kubana, nikafukizwa. Mbuzi walichinjwa asubuhi. Sikushangaa. Niliona mbuzi ni chakula cha watu na shimo ni la jini. Siku ya pili moto ukawashwa, na alasiri Raya alikuja akikimbia, akanishika mkono.

"Twende, baba anashusha. Anatungoja sisi."

Nilimng'ata. Sikumng'ata kitoto, nilimng'ata kama mbwa, kwenye mnofu chini ya kidole gumba, na alama anayo hadi leo. Alipiga kelele mpaka wote wakaja: Bi Zuwena, Bibi Shinuna na fimbo yake, mama na upawa mkononi.

"Umemng'ata mwenzio, siku ya Idi?" Bi Zuwena aliuliza. "Kakufanya nini?"

"Sijanona," nikasema. "Nishikeni muone. Jini lenu halitashiba."

"Jini lipi?"

Nikasema yote. Nilikuwa nimechoka kuyabeba. Nikaanza na tende, nikaja kwenye moshi, chumvi na pilipili, kupimwa, mifupa, na kwamba mama yangu walishamsahaulisha hata Jumapili. Nilisema kwa mpangilio mzuri kabisa, kwa sababu nilikuwa nimeyarudia kichwani miezi minane.

Hakuna aliyecheka. Siku hizi nikisimulia watu hucheka hapo, na mimi huwaacha, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Bi Zuwena alimgeukia mama.

"Hivi ndivyo mnavyotusema humo jikoni?"

"Wallahi sikumfundisha mimi," mama akasema, na kuapa kwa namna ile kukanithibitishia kwamba amekwisha.

"Miezi minane analala nyumba moja na binti yangu," Bi Zuwena alisema. Hakupandisha sauti. "Nikimtia chakula mkononi, kumbe mwenzangu anahesabu siku." Akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Mama hakunipiga. Ingekuwa nafuu angenipiga. Alivua kitambaa cha jikoni, akakikunja, akaenda kulishusha sanduku juu ya kabati. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kugeuka, maana mtu aliyesahaulishwa hapangi nguo zake vizuri namna ile. Alipanga za kwangu chini, zake juu, na midomo yake ikihesabu kimya: Dar, Songea, Mbinga, na Mbinga kwa nani. Nyumba hatukuwa nayo. Bibi mwenyewe alikula alichotuma yeye. Nilikuwa nimemponza mama yangu kwa mdomo wangu, na nikaliona hilo waziwazi nikiwa nimesimama na gauni la kijani.

Bibi Shinuna alikuwa bado kwenye kiti cha ukumbini. Akaniita nimshike mkono, akanipeleka chumbani kwake, akaniambia nivute kopo la maziwa ya unga lililokuwa chini ya kitanda. Nikalibeba. Akaenda nalo mpaka chumba chetu, akakaa kitandani kando ya sanduku, akalifungua.

Ndani mlikuwa na nywele nyeupe zilizoviringwa, na kucha. Kucha nyingi, za mikono na za miguu.

"Mama Leokadia, unaona hivi?" akasema. "Tangu siku uliyoingia nyumba hii nnazikusanya. Tulipokuwa Unguja tukiambiwa watu wa bara wachawi, wakipata ukucha wako wamekupata wewe. Basi kila nikichana, natia humu. Nikikata, natia humu. Bibi mzima nnalala juu ya kucha zangu."

Mama aliacha kupanga.

"Na chakula," Bibi Shinuna akaendelea, kwa kuwa alikuwa mtu asiyefanya jambo nusu. "Nilipokuwa nikikwambia uonje kwanza, eti chumvi haitoshi. Chumvi ilitosha."

"Ndiyo maana nikawa naonja hata maji?"

"Ndiyo maana."

Mama alijaribu kujizuia, nikaona mabega yakitikisika. Kisha akaketi sakafuni akacheka mpaka machozi, na yale machozi sidhani yote yalikuwa ya kicheko. Bibi Shinuna alimngoja amalize, halafu akageuza kichwa upande wa mlango wa Bi Zuwena na kusema kwa sauti ya mama mkwe:

"Zuwena, toka. Mgonjwa si huyu mtoto peke yake."

Hakutoka papo hapo. Bi Zuwena alitoka baada ya muda, macho mekundu. Hakumtazama mama. Alinitazama mimi, magoti yangu.

"Hujala tangu lini?"

Nikamwambia, na nilipofika kwenye tende nilizowapa mbuzi, akafumba macho. Akanishika mkono, akanipeleka hadi shimoni, akamwambia mumewe asubiri. Akafungua kifuko kimoja akanionyesha: mguu wa mbuzi, bizari, jani la mgomba. Akafungua cha pili. Akafungua vyote, mumewe akilalamika kwamba moto unapoa.

"Na jini?" nikauliza.

"Hatukumwalika," alisema. Hakutabasamu.

Shimo lilipofunuliwa kesho yake nilikula kuliko watu wote, nikatapika, nikarudi kula. Sanduku lilirudi juu ya kabati. Kopo lilimwagwa, na Raya ndiye aliyelimwaga akiwa na bandeji mkononi, akisema siku nyingine nitafute mkono wa mtu mwingine. Huyo huyo ndiye aliyenifundisha kusoma, maana shule ya Muscat sikuipata na ya Mbinga niliiacha darasa la pili. Kila nikiandika naandika kama mtoto yule alivyoandika.

Lakini nisidanganye kwamba kicheko kilimaliza mambo. Bi Zuwena alikaa wiki nyingi akisema nasi maneno ya lazima tu. Chetezo kilipita vyumba vyote kisifike chetu. Nilimsikia siku moja akimwambia mumewe kwamba dukani watu humtazama hivyo hivyo, na kazini, na ndani ya ndege, ila hakutegemea kutazamwa hivyo na mtoto ambaye yeye humfunga viatu. Hakuwa anakosea. Mimi sikumtendea kwa ubaya, lakini nilimtendea. Aliyekanyagwa haulizi kama mguu ulikuwa wa mtoto.

Kisha alasiri moja, bila neno lolote kabla yake, alisimama mlangoni kwetu na chetezo mkononi.

"Nikufukize, au hutaki?"

Ndiyo mara ya kwanza nilipoulizwa. Nikasimama, nikanyanyua upindo wa gauni. Tulipomaliza sikwenda bafuni.

Tulikaa nyumba ile miaka kumi na moja. Hakuna aliyeniambia nibadili jina wala dini, na mama alizidi kwenda misa yake ya Ijumaa. Baadaye niliolewa, nikahamia Ruwi kushona mabuibui, na kwenye miaka ya elfu mbili wasichana wapya kutoka bara walipokuwa wakifika dukani kwetu, nilisikia hadithi ile ile imeshuka nao uwanja wa ndege, haijachoka hata kidogo. Wenzangu waliwaita washamba. Mimi niliwauliza tu aliyewasimulia ni nani, na kila mmoja alinitajia mtu aliyempenda. Ukimwita msichana mshamba hapo, unamwita bibi yake mwongo, naye atamshika bibi yake zaidi. Bibi Shinuna hakuniita mjinga. Alileta kopo lake.

Na bibi yangu wa Mbinga? Likizo ya kwanza nilipokwenda, aliniminya mikono, akanifungua mdomo kutazama meno, akaniuliza jina langu la ubatizo. Nilimjibu. Nikamsimulia kila kitu, shuwa, kucha, na Bibi Shinuna ambaye miguu ilimvimba mpaka akashindwa kuvaa ndara zake.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Basi hao wako ni wengine," alisema.

Nilikasirika siku mbili. Lakini tulipokuwa tunaondoka alimpa mama kifurushi cha kahawa aliyoikaanga mwenyewe, na majani makavu ya mlimani ya kuchemsha na kukandia uvimbe, akasema ni ya yule mama. Bibi Shinuna aliyanusa, akayaweka rafuni wiki nzima akiyaangalia, kisha akamwambia mama achemshe maji. Likizo iliyofuata akatuma kanga mbili na sabuni za kunukia. Wanawake hao wawili hawakuwahi kuonana, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenziwe samahani, wala sidhani walijua kuna cha kuombea.

Simu zilipofika kijijini, nilikuwa nampigia bibi kutoka Ruwi. Alipiga kelele kwenye simu kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya bonde. Hadithi ya majini hakuwahi kusema kwamba ilikuwa uongo. Alikufa nayo, imekunjwa mahali fulani, haitumiki. Lakini kila nilipopiga, kabla hajauliza habari za wanangu, aliuliza: "Yule mama miguu yake inaendeleaje?" Na mimi nilimwambia ukweli, leo imepungua, leo imevimba, naye akaguna kama mtu anayeuguza wa kwake.